Bili Yako Inalipia Nini? Maswali ya wasomaji kuhusu umeme wa biashara na taasisi

Barua za safari hii zinafanana kwa jambo moja: wengi mmeshachagua cha kununua, ndipo mnauliza kama kitapunguza gharama. Sisi tumeanza upande wa pili, kwa kuangalia mnatozwa nini, kisha kifaa. Hesabu za Tanzania humu zinatumia bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016. T1, kundi la wateja wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT 18%, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) 3% na ya EWURA 1% inafika kama 356. T2, kundi la watumiaji wakubwa, ni shilingi 195 kwa uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa kwa wakati mmoja, unaofanya kazi na usiofanya) ya mzigo wa juu wa mwezi, na 14,233 ya huduma, kabla ya VAT na tozo. Risiti yako ikionyesha namba nyingine, weka zako.

Swali: Nina mashine ya kusaga hapa Kahama, mota ya HP 20, natumia LUKU ya fezi tatu. Kijana mmoja ameniletea kisanduku cha kuokoa umeme, anataka laki nne na nusu. Alibana waya kwa mita yake mbele ya macho yangu, ampea zikashuka kutoka 12 hadi 6. Je, ninunue?

Usinunue. Ampea zilishuka kweli, wala kijana hakukudanganya kwa mita yake. Tatizo ni kwamba LUKU, mita ya kulipia kabla, haikutozi ampea, inakutoza uniti, yaani kWh.

Mota inavuta umeme wa aina mbili. Mmoja unafanya kazi ya kuzungusha nyundo na feni. Mwingine unaijengea mota sumaku tu, unakwenda na kurudi kati ya mota na laini bila kusaga hata punje. Kisanduku hicho ni kapasita, na kapasita humpa mota ule umeme wa pili palepale karibu, ndiyo maana ampea za waya zinapungua. Mteja wa T1 hatozwi umeme huo wa kwenda na kurudi. Utakachookoa ni joto kidogo la waya uliopo kati ya mita na mashine, na hilo halirudishi laki nne na nusu.

Jaribu mwenyewe, usituamini sisi wala yeye. Kwenye uso wa mita pana taa ndogo inayomwekamweka, na pembeni pameandikwa namba kama 400 imp/kWh, maana yake taa ikiwaka mara 400 umetumia uniti moja. Washa mashine bila mahindi, zima kila kitu kingine, chukua video ya simu kwa dakika moja kamili kisha hesabu. Chomeka kisanduku, rudia. Hesabu zitakuwa zilezile.

Jaribio hilo litakuonyesha jambo jingine lenye faida zaidi. Tuseme umehesabu miwako 20 kwa dakika. Hiyo ni 1,200 kwa saa, gawa kwa 400, unapata 3 kW: mashine inakula uniti tatu kwa saa ikizunguka tupu, wakati mteja anatafuta chenji na msaidizi anafunga kiroba. Saa tatu za namna hiyo kwa siku, siku 26, ni uniti 234, zaidi ya shilingi 83,000 kwa mwezi. Kusanya madebe kadhaa kabla ya kuwasha. Ila usiende kupita kiasi ukawa unawasha na kuzima kila dakika tano, kwa maana mota ya HP 20 huchemka zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kazi.

Baada ya hapo fungua mashine. Nyundo zilizolika pembe hazipigi tena, zinasukuma mahindi tu, nayo yanazunguka muda mrefu ndani kabla ya kupita kwenye wavu. Zigeuze pembe mpya, na ukibadilisha, zile zinazokabiliana ziwe na uzito sawa, la sivyo mtikisiko utamaliza beringi. Mikanda ibadilishwe yote kwa pamoja. Mkanda mmoja mpya kati ya mizee mitatu utabeba mzigo wa wenzake na kukatika. Ukiubonyeza katikati ushuke kama sentimita moja na nusu kwa kila mita ya urefu kati ya puli na puli, na puli zenyewe zikae kwenye mstari mmoja: vuta uzi uone. Mahindi yenye unyevu zaidi ya 13% huziba wavu na kula uniti. Kipimo chako cha kila mwezi kiwe uniti kwa gunia: andika namba ya mita, saga magunia matano, andika tena. Uniti kwa gunia zikianza kupanda, usiingojee mashine ipige kelele.

Swali: Kiwanda chetu cha maji ya chupa Mwanza kiko T2. Mwezi uliopita tulitumia uniti 21,000 na mzigo wa juu 120 kVA. Fundi anasema pawa fakta yetu ni 0.75 na tunahitaji kapasita. Baada ya kusikia watu wakisema kapasita ni utapeli, mkurugenzi amegoma. Nani ana haki?

Fundi. Kapasita ileile ambayo ni upuuzi kwa mwenye LUKU wa Kahama, kwenu ni ya maana kwa sababu ninyi mnatozwa kVA. Pawa fakta ni sehemu ya kVA hizo inayofanya kazi kweli. Chukulia lori la pamba: uzito mdogo, lakini limejaa hadi juu. T1 inapima uzito tu. T2 inapima uzito na pia inakutoza ukubwa wa lori.

Bili yenu kabla ya kodi: uniti 21,000 mara 195 ni shilingi 4,095,000, kVA 120 mara 15,004 ni shilingi 1,800,480, na huduma. Kwa hiyo karibu theluthi ya bili ni lori. Mzigo halisi ni 120 mara 0.75, yaani 90 kW. Mkiipandisha pawa fakta hadi 0.95, kW 90 hizohizo zitahitaji kVA 94.7 tu. Mnaokoa kVA 25 na kitu, kama shilingi 379,000 kwa mwezi kabla ya VAT, bila kupunguza chupa hata moja.

Kapasita zinazotakiwa ni kama 50 kVAr, kipimo cha ule umeme wa kwenda na kurudi. Msikubali zifungwe kama donge moja linalokaa limewashwa. Usiku mota zikizimwa, kapasita zilizobaki zinasukuma umeme kuelekea laini, volti zinapanda, na taa na vifaa vya ofisi vinaweza kuungua. Takeni paneli yenye kidhibiti na hatua: 5, 5, 10, 10 na 20 zinatosha, kikiongeza na kupunguza chenyewe. Kontakta, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, ziwe za kapasita, zile zenye vizuizi vya kupunguza mshtuko wa kuwasha. Kontakta za kawaida za mota hugandana ndani ya miezi. Kama mna vidhibiti mwendo vya kielektroniki kwenye pampu au kompresa, mwambieni fundi apime hamoniki, yaani uchafu wa mawimbi ya umeme, kwanza. Zikiwa nyingi, kapasita tupu huvimba na kupasuka, na hapo zinahitajika zile zilizounganishwa na rieakta za 7%, koili za kuzuia uchafu huo. Paneli ikae penye hewa, si nyuma ya boila. Na mtu asiguse kitu ndani kabla ya dakika kadhaa kupita baada ya kuzima, kwa kuwa kapasita hubaki na chaji.

Kisha soma kanuni ndogo ambayo wahasibu wengi huipita. Mzigo unaotozwa ni ule mkubwa kati ya mzigo wa juu wa mwezi huu na 75% ya mzigo wa juu kabisa wa miezi mitatu iliyotangulia. Mkiwasha kila kitu kwa pamoja asubuhi moja ya Machi baada ya umeme kukatika, mita ikarekodi 160 kVA, basi Aprili, Mei na Juni mtalipa si chini ya 120 hata kama mmetumia 95. Adhabu ya asubuhi moja. Bandikeni ukutani utaratibu wa kuwasha: kompresa ya hewa kwanza, subiri itulie, halafu chila (mtambo wa kupoza maji), halafu mashine ya kupuliza chupa. Vipima muda vya kuchelewesha kontakta ni vya bei ndogo na havisahau kama binadamu anavyosahau.

Tukiwa hapo kwenye kompresa: tundu la milimita 3 kwenye bomba la hewa ya shinikizo la baa 7 linakula karibu 3.5 kW mfululizo. Kupima ni rahisi. Siku ambayo uzalishaji umesimama, acheni kompresa imewashwa na mabomba yamejaa, bila mashine yoyote kutumia hewa. Saa mkononi, andikeni sekunde inazosukuma na sekunde inazopumzika. Ikisukuma sekunde 30 na kupumzika 90, hewa inayovuja ni 30 kwa 120, yaani robo ya uwezo wake. Povu la sabuni kwenye maungio litaonyesha wapi. Kushusha shinikizo kwa baa moja, kama mashine zinakubali, huokoa 6 hadi 7% ya umeme wa kompresa. Zibeni kwanza, kapasita baadaye, maana mizigo ikipungua hata kapasita zinazohitajika huenda zikawa chache.

Swali: Je, naweza kuomba kuhamishwa kutoka T1 kwenda T2 ili nilipe 195 badala ya 292?

T2 ni ya mteja wa volti 400 anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi na mzigo usiozidi 500 kVA. Ukiwa unakaribia hapo, fanya hesabu na kVA ndani yake. Mwenye mota kubwa anayefanya kazi saa tatu kwa siku ataumia T2, kwa sababu lori ni lilelile awe amelitumia saa tatu au ishirini.

Swali: Nina duka la jumla na bucha Mbagala. Taa za tyubu 40 za futi nne, friza tatu. Nilibadilisha tyubu kumi kuwa LED, sita zimekufa kabla ya miezi minne. Jirani anasema LED ni za Wachina, niache.

Kabla ya kulaumu nchi, panda ngazi uone kama choki, ile koili ya kudhibiti umeme wa tyubu ya zamani, bado imo. Hicho ndicho kisa tunachokutana nacho zaidi. Fundi anatoa stata, anachomeka tyubu mpya, inawaka, anashuka, analipwa. Choki ya zamani imebaki kwenye mzunguko, inakula wati zake na kuitesa LED kila taa inapowashwa. Tyubu ya LED ya kulishwa upande mmoja ina alama L na N kwenye ncha moja tu. Choki itolewe, stata itolewe, waya wa laini na nyutro viende moja kwa moja kwenye ncha hiyo. Ukimaliza bandika karatasi ndani ya fremu iandikwe "LED tu, hakuna choki", kwa sababu siku mtu akirudisha tyubu ya zamani humo, au akachomeka LED kinyume, anaweza kupiga shoti.

Kama waya ni sahihi na bado zinakufa, pima volti usiku wa manane na saa mbili usiku. Laini inayocheza kati ya 180 na 250 inaua draiva za bei rahisi. Nunua zinazoandikwa wigo wa volti, mfano 100 hadi 265, na zenye dhamana iliyoandikwa kwenye risiti. Usiangalie wati pekee, angalia lumeni, kipimo cha mwanga: LED ya wati 18 isiyofika lumeni 1,800 itakufanya uongeze taa.

Faida ipo. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake hula kama 45. Ukiweka ya 18 unaokoa wati 27. Mara 40, saa 10, siku 26, ni uniti 280 kwa mwezi, karibu shilingi laki moja. Gawa bei ya tyubu zote na ufundi kwa laki moja, utapata miezi ya kurudisha pesa.

Friza ndizo hasa tulitaka kukuuliza. Bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka kama imepakwa mafuta, mpira wa mlango umekwisha, na mpira ni bei ndogo mno kuliko kompresa. Barafu ikizidi unene wa kidole kidogo, yeyusha. Usikwangue kwa kisu, tumeona mabomba mengi yaliyotobolewa hivyo. Nyuma iache nafasi ya sentimita 10 na usafishe wavu wa kondensa kwa brashi kila mwezi. Bucha ina mafuta hewani, vumbi hugandamana nayo kama blanketi. Na friza iliyokaa mlangoni ili wateja waione, jua la saa tisa likiipiga, inafanya kazi ya friza mbili.

Swali: Sisi ni shirika lisilo la kiserikali, ofisi Dar es Salaam. Mfadhili ametupa pesa za "kijani" ambazo lazima zitumike kabla ya Desemba. Tunataka sola kwa ajili ya AC nne za zamani za BTU 12,000. Na je, kama NGO tunasamehewa kodi?

Tuanze na AC. Nne za zamani, kila moja ikivuta kama 1.25 kW, saa tisa kwa siku, kompresa ikifanya kazi asilimia 70 ya muda, siku 22: uniti 693 kwa mwezi, karibu shilingi 247,000. Kwa siku ni uniti 31.5. Kilowati moja ya paneli Dar hutoa kama uniti nne kwa siku, kwa hiyo mnahitaji kama kW 8 za paneli. Mkibadilisha AC kuwa za inveta, mkaziba mianya ya milango, mkaweka pazia la nje au mti upande wa magharibi na kupanga nyuzi 25 badala ya 18, kupunguza 35% si ndoto. Hapo kW 5 za paneli zinatosha. Pesa ya kW 3 za paneli na fremu zake inakwenda kulipia AC.

Mfadhili mara nyingi anapenda paneli kwa sababu zinapigwa picha. Mwandikieni hesabu hii katika ukurasa mmoja, mkiomba bajeti igawanywe: vipimo na ukaguzi kwanza, AC na kivuli pili, paneli tatu. Betri msiziweke kama lengo ni bili tu. Ofisi inatumia umeme mchana, paneli zinazalisha mchana. Betri ni za kukatika kwa umeme, na hilo ni swali jingine lenye bei nyingine.

Kuhusu kodi: usajili wa NGO peke yake haukupi msamaha wa VAT. Vifaa vya sola vimekuwa vikiingia na kutoka kwenye orodha ya misamaha kadiri sheria ya fedha inavyopita Bungeni kila Juni. Hivyo mwombeni muuzaji ankara inayotenganisha paneli, inveta, betri, nyaya, fremu na ufundi, kila kimoja kwa mstari wake na VAT yake. Ankara ya mstari mmoja, "mfumo wa sola seti", huwa inaficha kodi mliyotozwa mahali isipotakiwa. Mafundi mnaweza kuwapata kupitia TAREA, chama cha nishati jadidifu Tanzania. Na kama mnasukumwa na tarehe ya Desemba, msilipe zaidi ya 90% kabla ya mfumo kufanya kazi mwezi mzima.

Swali: Shule yetu ya bweni Njombe, ya parokia, ina wanafunzi 400. Tumeambiwa tuache kuni. Muuzaji wa gesi anasema kilo moja ya gesi inachukua nafasi ya kilo 14 za kuni, lakini mwezi wa majaribio gesi ilituua. Je, kuna msaada wowote wa serikali?

Muuzaji alipiga hesabu ya mafiga matatu. Kilo ya gesi ina megajuli 46, na kwa jiko zuri nusu na kitu inafika kwenye sufuria, tuseme 25. Kilo ya kuni kavu ina kama 15, na mafiga hufikisha sufuriani 12% tu, yaani 1.8. Hapo 14 inapatikana. Lakini kama shule yenu tayari ina jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi, linalofikisha 35%, kilo ya kuni inatoa 5.3, na kilo ya gesi inachukua nafasi ya kilo tano tu. Bajeti iliyopangwa kwa 14 lazima ife katikati ya muhula.

Agizo lenyewe ni la kweli: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga 80% ya Watanzania wafikiwe. Kwa hiyo hamna budi kuhama. Swali ni kuhamia nini kwa chakula kipi.

Maharage ndiyo adui. Ugali wa 400 unamalizika ndani ya saa moja. Maharage makavu yanachemka saa tatu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, na muda unapungua sana kabla hujabadilisha jiko lolote. Kisha maharage, makande na nyama vipikwe kwenye sufuria kubwa za presha za umeme, ambazo zikishapanda presha zinatumia umeme kidogo. Ugali na uji vibaki kwenye gesi, maana presha haisongi ugali. Kabla ya sufuria za umeme, fundi apime waya wa jikoni na mita. Tumeona shule zikichoma kebo siku ya kwanza kwa kuunganisha sufuria tatu kwenye soketi ya redio.

Huko Njombe kuna shida ambayo Dar hawaijui: baridi. Jiko moja kubwa linaweza kula kilo moja ya gesi kwa saa au zaidi, na mtungi mmoja wa kilo 38 asubuhi ya Julai haugeuzi gesi haraka hivyo. Mtungi unapata umande, halafu barafu, moto unakuwa wa njano na mdogo, mpishi anadhani gesi imekwisha, mtungi unarudishwa ukiwa na kilo kumi ndani. Huenda robo ya gesi iliyowaua ilirudi dukani kwa njia hiyo! Unganisheni mitungi miwili au mitatu sambamba kwa bomba moja na regyuleta moja, nje ya jengo, ndani ya kizimba chenye hewa, imesimama, na kila mtungi upimwe kwa mizani ukitoka.

Kama gesi bado ni ghali, STAMICO, shirika la madini la taifa, wanatengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe, Rafiki Briquettes. Unahitaji jiko lake lenye bomba la moshi na jiko la shule lenye madirisha yanayofunguka kweli. Moshi wake hauonekani sana, ila gesi yenye sumu ipo.

Msaada: Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukifadhili miundombinu ya kupikia kwenye taasisi, yakiwemo magereza na shule. Andikieni REA, nakala kwa ofisa elimu wa halmashauri, na msiandike barua ya kulialia. Ambatisheni idadi ya wanafunzi, uzito wa kuni kwa wiki mbili uliopimwa kwenye mizani, bei yake, picha ya jiko, ukubwa wa mita ya umeme, na umbali hadi wakala wa gesi. Barua yenye mizani ndani yake hujibiwa mapema kuliko yenye machozi.

Swali: Natoka Thika, kiwanda cha plastiki. Stima yetu ni uniti 20,000 kwa mwezi. Tumepata barua kuwa lazima tufanye ukaguzi wa nishati. Je, ni lazima kweli ama ni watu wanatafuta kazi?

Ni lazima. Kanuni za usimamizi wa nishati za Kenya za mwaka 2012 zinamgusa anayetumia zaidi ya kWh 180,000 kwa mwaka, na ninyi mko 240,000. Ukaguzi ni kila miaka mitatu, ufanywe na mkaguzi mwenye leseni ya EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, na kabla ya miaka hiyo kwisha muwe mmetekeleza angalau nusu ya akiba aliyoipendekeza. Mwombeni namba ya leseni kabla ya bei.

Tayarisheni bili za miezi 12, mchoro wa umeme, orodha ya mota na saa zake za kazi. Ripoti nzuri ina vipimo vya wiki nzima vilivyorekodiwa na mita za kuachwa, si matembezi ya asubuhi moja na kamera. Angalieni asihesabu akiba moja mara mbili: ukiziba uvujaji wa hewa kisha ukabadilisha kompresa, akiba ya pili inapigwa kwa mzigo uliokwisha kupungua.

Wakati mnamsubiri, tazameni bili kwa vitu viwili. Pawa fakta ikiwa chini ya 0.9, Kenya Power huongeza 2% kwa kila asilimia moja iliyopungua, ikiwa 0.84 mnalipa 12% ya bure. Na kuna tarifi ya saa, iliyoanza Desemba 2017, yenye bei nafuu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Kusaga plastiki chakavu na kukausha malighafi vinaweza kuhamia usiku. Ila nafuu ilianza kwa kuhesabiwa kwa matumizi yanayopita kiwango chenu cha kawaida, kwa hivyo ulizeni kwanza kama kiwango hicho bado kipo na ni kipi. Kituo cha nishati cha chama cha wenye viwanda, KAM, kilichopo tangu 2006, hufanya ukaguzi na mafunzo. Anzeni kuulizia huko.

Swali: Loji yangu Bagamoyo, kila miezi sita fundi anaongeza gesi kwenye AC. Ni kawaida?

Hapana. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni, inazunguka tu. Ikipungua, inavuja, na hapo pwani chumvi hula mabomba ya kondensa ya nje. Fundi atafute tundu kwa naitrojeni na sabuni, azibe, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha ajaze kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Asichanganye R32 na R410A, aina mbili tofauti za gesi ya AC. Akianza kujaza huku anapapasa bomba kwa kiganja kuona kama limepoa, mlipe nauli aondoke.